Kalamu na Karamu: Sikio Hufundwa Kabla ya Ulimi

Hotuba kwa walimu wa Kiswahili wa shule za msingi, Mombasa

Walimu wenzangu, hamjambo. Wazee wetu wa Mji wa Kale mlioitikia mwaliko, shikamooni.

Nianze na kalamu. Nilikuwa darasa la nne. Mwaka huo tulikuwa tumehama Nyeri kuja Pwani kwa sababu baba alipata kazi bandarini, na Kiswahili changu kilikuwa cha kuokota sokoni na redioni. Siku ya imla nikajipapasa mfuko wa shati, mtupu. Nikainua mkono, nikasimama, nikasema, "Mwalimu, sina karamu." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akaniuliza ni karamu ya harusi ya nani. Kicheko kikazidi. Akaniamuru niseme "kalamu". Nikasema "karamu". Akarudia polepole, "ka-la-mu". Nami nikamfuata polepole, "ka-ra-mu". Tulikwenda hivyo mara saba au nane, mpaka akaamini namfanyia ukaidi, nikachapwa rula kwenye vidole.

Sikuwa mkaidi. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo. Kila mwalimu aliposema neno lile, nilisikia neno moja. Niliposema mimi, nilisikia neno lilelile. Masikioni mwangu tulikuwa tunasema kitu kimoja, yeye na mimi, na sikuelewa hata kidogo napigwa kwa kosa gani. Kikuyu cha nyumbani kwetu kina r ya ncha ya ulimi kugonga ufizi mara moja na kuachia. L hakina. Mtoto aliyelelewa nayo hiyo, l ikimfikia anaipokea kama r, anaiweka alipozoea kuweka r, na anaitoa kama r.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa fonetiki, elimu ya sauti za lugha, nilikutana na utafiti uliochapishwa mwaka 1975. Watafiti wa Japani na Marekani walikuwa wamewachukua Wajapani watu wazima, ambao lugha yao haitenganishi l na r, wakawasikilizisha l na r za Kiingereza zilizotengenezwa kwa mashine. Wajapani wakawa wanabahatisha, Wamarekani wakazitenganisha bila taabu. Mpaka hapo hakuna jipya. Ila watafiti hao wakafanya jambo moja zaidi. Ndani ya sauti zile, tofauti ya l na r ilikuwa katika mkondo mmoja tu wa masafa, yaani wingi wa mitetemo ya sauti kwa sekunde. Wakauchomoa mkondo huo peke yake, bila kilichobaki cha silabi. Ukiusikia hivyo haufanani na usemi, ni kama mlio wa ndege. Wakauliza tena: milio hii miwili ni sawa au ni tofauti? Wajapani wakaitenganisha vizuri kama Wamarekani.

Nilipousoma ukurasa ule nilifunga kitabu nikatoka nje. Sikio halikuwa na ila. Tofauti ilikuwa inaingia. Ilipofika mahali pa kuamua kwamba huu ni usemi, ndipo lugha ya mama iliposema: hizi mbili ni kitu kimoja, zitie kapu moja.

Sasa tushuke kwenye mdomo wenyewe, maana ukiielewa kazi ya mdomo utalionea huruma sikio.

Wekeni kidole kwenye kongomeo, nyote. Semeni "sss". Kimya chini ya kidole. Semeni "zzz". Mmesikia mtetemo? Hizo ni nyuzi sauti, mikunjo miwili midogo ndani ya zoloto, inagongana hewa ya mapafu inapopita katikati yake. Kwa mwanamume mtu mzima ni kama mara 120 kwa sekunde, kwa mwanamke mara 200 na zaidi, kwa mtoto wa darasa la kwanza karibu mara 300. Mlio unaotoka hapo kooni ni kama wa zumari lisilo na mwili. Kinachoufanya uwe "a" au "i" au "u" ni chumba kilicho juu yake: koromeo, kinywa, ulimi umekaa wapi, midomo imeviringa au imetandazwa. Msweden Gunnar Fant aliieleza hesabu ya jambo hili kwa ukamilifu mwaka 1960, lakini karne mbili nyuma Wolfgang von Kempelen alikwisha kulishika kwa mikono yake. Mwaka 1769 alianza kutengeneza mashine ya kusema: mivukuto badala ya mapafu, ulimi wa zumari badala ya nyuzi sauti, na kinywa cha kuminywa kwa mkono. Kitabu chake kilitoka Vienna mwaka 1791. Mashine ile ilitamka maneno na hata sentensi fupi. Mtu aliyetaka kujua tunavyosema alijijengea mdomo.

Lakini kasi ndiyo ajabu yenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida tunatoa sauti kati ya 10 na 15 kwa sekunde moja. Hebu jaribuni kugonga meza kwa kidole mara 15 kwa sekunde, mtashindwa. Ulimi unawezaje? Unaweza kwa sababu hausubiri. Jitayarisheni kusema "ki", mshike k bila kuiachia. Sasa jitayarisheni kusema "ku". Angalianeni midomo. Kwenye "ku" midomo imekwisha kuviringa kabla k haijatoka, maana u iko njiani na midomo imekwenda kuipokea. Na ulimi je? K ya "ki" imesogea mbele kwenye kaakaa, k ya "ku" imerudi nyuma. Hizo ni k mbili. Sisi tunaandika moja ubaoni na kuapa kwamba ni moja.

Waliolipata hili kwa uchungu ni watu wa maabara ya Haskins, mjini New York. Vita vya pili vya dunia vilipokaribia kwisha walitaka kuwatengenezea askari waliopofuka mashine ya kusomea: kila herufi ya kitabu iwe na mlio wake, kipofu ajifunze milio kama anavyojifunza alfabeti. Wazo zuri, la watu wenye akili na nia njema. Likashindikana. Wasikilizaji waliojitahidi sana walisoma polepole mno, na ukiongeza kasi milio inachanganyika na kuwa ngurumo moja. Sasa kwa nini usemi wenye kasi ile ile hauchanganyiki?

Franklin Cooper akajenga chombo cha kwenda kinyume: badala ya kubadili sauti kuwa picha, kinasoma picha iliyochorwa kwa brashi na kuitoa kama sauti. Yeye na Alvin Liberman na wenzao wakawa wanachora silabi, wanafuta kipande, wanasikiliza. Wakaona kwamba katika "di" mkondo wa pili wa masafa unapanda kuelekea irabu, katika "du" unashuka. Maumbo mawili yaliyopishana, na sikio linasema zote ni d. Wakajaribu kukata irabu ili ibaki d peke yake. Haikubaki d. Kilibaki mlio mfupi wa kupanda au wa kushuka, kama mbinja. D haiishi mbele ya irabu kama ushanga kwenye uzi. Imo ndani yake. Sauti mbili zinatolewa kwa wakati mmoja, na msikilizaji anazipokea pamoja na kuzipambanua.

Kwa hiyo tunapomsimamisha mtoto wa chekechea na kumwambia "d" ni "de", ukichanganya na "a" unapata "da", tunamwomba aamini jambo ambalo sikio lake halijawahi kulisikia. Silabi ndiyo anayoijua. Wahenga waliotufundisha kwa ba, be, bi, bo, bu walikuwa karibu na ukweli kuliko mitaala kadhaa iliyokuja baadaye. Haya ni maoni yangu, nami nayasimamia.

Turudi kwa sikio na lini linafundwa. Mwaka 1971 Peter Eimas na wenzake waliwapa watoto wa mwezi 1 na wa miezi 4 chuchu ya kunyonya iliyounganishwa na mashine. Mtoto akinyonya kwa nguvu, anasikia "ba". Anapenda, ananyonya zaidi. Baada ya muda anachoka na ba zile, kasi inapungua. Hapo watafiti wanageuza: "pa". Kasi ikapanda tena. Mtoto wa mwezi mmoja, shingo haijakaza, anajua ba si pa. Na walipobadilisha sauti kwa kiasi kilekile cha wakati lakini bila kuvuka mpaka wa ba na pa, kasi haikupanda vile. Kwa mtoto yule mpaka ulikuwapo tayari.

Kisha mwaka 1984, huko Vancouver, Janet Werker na Richard Tees wakaonyesha upande wa pili. Walichukua t mbili za Kihindi, moja ya ulimi kugusa meno, nyingine ya ulimi kupinda nyuma, na pia sauti za lugha moja ya wenyeji wa asili wa Kanada. Watoto wa miezi 6 mpaka 8 waliolelewa kwa Kiingereza walizitenganisha. Wenzao wa miezi 10 mpaka 12, wengi wao hawakuweza tena. Waliolelewa kwa Kihindi waliendelea kuziweza. Kabla ya kufunga mwaka, kabla hajasema "mama" sawasawa, mtoto amekwisha kujua lugha ya nyumbani inajali tofauti zipi na zipi haina haja nazo. Huo ni werevu. Sikio linalojali kila kitu haliwezi kusikiliza watu 15 nyumbani wenye sauti 15, babu mwenye meno machache, shangazi mwenye mafua, na bado likajua wote wamesema "maji".

Basi mimi darasani nilikuwa na miaka 10. Sikio langu lilikuwa limehitimu miaka 9 kabla.

Nilisema niliwaalika wazee wa Mji wa Kale. Sasa naomba msaada. Nina ukanda wa karatasi hapa, upana wa vidole viwili. Bi mkubwa, tafadhali ushike mbele ya midomo, useme paa wa mwituni, yule mnyama. Kisha useme paa la nyumba.

(Bi mkubwa alisema. Kwa mnyama karatasi iliruka. Kwa nyumba ilitikisika kidogo, ikatulia. Ukumbi ulinyamaza.)

Asante, bi. Na kaa wa baharini, na kaa la moto? Mmeona. Sasa mwalimu mmoja wa kutoka bara ajaribu. Karatasi imefanya nini? Imefanya jambo moja mara mbili. Na la muhimu zaidi, mwalimu, ulisikia tofauti bi mkubwa alipokuwa akisema, kabla hujaiona karatasi? Hukusikia. Wala mimi sikuisikia kwa miaka mingi, na nilikuwa nimekaa mji huu.

Huo ni mpumuo. Zamani maneno ya ngeli ya paa mnyama na kaa wa baharini yalianza na nazali, sauti ya puani kama n; nazali ikapotea, ikaacha pumzi mahali pake. Ndiyo maana wanyama wana pumzi na paa la nyumba halina. Mwaka 1964 Leigh Lisker na Arthur Abramson walipima katika lugha 11 muda unaopita kati ya midomo kuachia na nyuzi sauti kuanza kutetema. Ni sehemu ndogo sana za sekunde, na lugha nyingi za dunia zinapanga konsonanti zao hapo hapo. Kiswahili cha pwani kimo katika mtindo huo. Na pana t mbili pia, wazee wa Mvita na Lamu wanajua, ya meno na ya ufizi. Mwalimu Sikujua, mwanachuoni wa Mombasa aliyetuhifadhia mashairi ya Muyaka, alizitofautisha katika hati za Kiarabu alizoandika karne ya 19, na mpumuo pia akautilia alama. Sikio lake lilidai. Kisha ikaja hati ya Kirumi, lahaja ya Unguja ikachaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tahajia ikayaacha yote mawili nje. Vizazi vya wasomi, mimi mmoja wao, tumejifunza Kiswahili kwa macho, na ambacho hakikuandikwa hatukukisikia.

Nayasema haya kwa sababu waliocheka kalamu yangu walikuwa watoto wa mji huu. Walikuwa na haki ya kushangaa. Bali kila mmoja aliye hapa ana "karamu" yake. Mjaluo anayesema mti hauna "sina", akikusudia shina, anacheza na sh ambayo Dholuo haikumpa. Mtangazaji wa habari mwenye Kiswahili cha kitabu, anayehesabiwa kuwa fasaha kuliko wote, anasema paa wawili kwa pumzi moja, na bi mkubwa hapa amekuwa akimstahi kwa kunyamaza.

Je, basi tuwaache watoto na karamu zao? Hapana. Mahali si mahari, na mtahini hatasamehe. Tuwafundishe, lakini tuanze kwenye sikio. Wajapani wale wa l na r hawakuachwa hivyo. Mwaka 1991 David Pisoni na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana waliwafunza watu wazima wa Japani kwa njia nyepesi: wanasikia neno, wanachagua ni lipi kati ya mawili, wanaambiwa papo hapo umepata au umekosa. Siri ilikuwa katika sauti. Maneno yalisomwa na watu kadhaa, si mmoja, na l na r ziliwekwa sehemu mbalimbali za neno. Waliofunzwa hivyo walipanda, na wakaweza hata kwa msemaji ambaye hawakuwahi kumsikia. Katika utafiti wao uliofuata, wa mwaka 1993, waliofunzwa kwa sauti ya mtu mmoja walimjua mtu yule tu. Kisha mwaka 1997 Ann Bradlow na wenzake wakaonyesha jambo linalonigusa zaidi: waliofunzwa kusikiliza peke yake, bila somo lolote la kutamka, matamshi yao nayo yalikuwa bora. Ulimi ulifuata sikio. Hawakuwa kama wazawa wa Kiingereza, sisemi hivyo, ila walisogea, na walikuwa watu wazima.

Fikirini sasa mwalimu wangu alifanya nini. Sauti moja, neno moja, mara nane, jibu ni rula. Hata kama angekuwa na nia njema kuliko watu wote, njia ile isingefika.

Jambo jingine la darasani. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald, wakiwa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, waliunganisha sauti ya "ba" na picha ya mtu anayetamka "ga". Wengi wa watazamaji walisikia "da", sauti ambayo haikuwako popote. Wakifumba macho, "ba". Macho yanasikia. Walimu waliofundisha mwaka 2020 na barakoa usoni wanakumbuka watoto walivyokuwa wakiuliza "eti?" kila baada ya sentensi. Basi tunaposoma imla tukiwa tumeukabili ubao, mgongo kwa watoto, tumewanyang'anya nusu ya neno. Na mvua ikianza juu ya mabati, s na f na sh ndizo zinazotangulia kuzama, kwa sababu ni mvumo mwembamba wa masafa ya juu. Ndizo hizohizo simu inazozikata. Simu ya kawaida hupitisha masafa ya mitetemo 300 mpaka 3,400 tu kwa sekunde, ndiyo sababu tunajikuta tukisema "F ya Fatuma". Mtu mzima anayeijua lugha anaijaza sauti iliyozama bila kujua amejaza. Richard Warren alilithibitisha mwaka 1970: alifuta sauti moja ndani ya neno akaweka kikohozi, na wasikilizaji wakaapa neno lilikuwa zima. Mtoto ambaye lugha bado ni ngeni kwake hana cha kujazia. Huyo wa nyuma kabisa, anayeonekana hasikilizi, huenda anasikiliza kuliko wote.

Nimeleta kinasa sauti. Humu mna jozi 20 za maneno: kalamu na karamu, mahali na mahari, kula na kura, hali na hari, sina na shina. Zimesomwa na watu 10, wanaume, wanawake, bibi mmoja wa miaka 80 na mtoto wa miaka 7. Nimeweka na paa wawili na kaa wawili, hizo ni zetu sisi walimu. Kila mmoja achukue karatasi. Ukisikia neno la kwanza weka alama kushoto, la pili kulia, na jibu nitalisema mara baada ya kila neno.

Mwalimu wa safu ya mbele, naomba utufungie hilo dirisha la upande wa barabara. Tayari? Tuanze na kalamu.